Sebule Kubwa, Sauti Ndogo

Ukihama kutoka vyumba viwili vya kupanga Sinza kwenda kwenye nyumba yako mwenyewe Goba, watu watakueleza habari za maji, barabara na umbali wa shule. Hakuna atakayekwambia kwamba utapoteza sauti. Sisi tuliipoteza usiku wa kwanza kabisa. Baba Imani aliichomeka ile sabufa yetu ya siku zote, iliyokuwa ikitikisa vikombe kabatini kule Sinza mpaka jirani anagonga ukuta. Akaweka wimbo, akarudi nyuma hatua kumi asikilize. Kilichotoka ni kama mtu anaimba ndani ya tangi la maji. Akaongeza sauti. Tangi likawa kubwa zaidi.

Baadaye nilipiga hesabu. Chumba chetu cha Sinza kilikuwa mita 4 kwa 3.5, na dari yake mita 2.7. Sebule ya Goba, ambayo tuliichora wenyewe kwa tamaa ya watu waliopanga miaka tisa, ni mita 9 kwa 6, na jipsamu iko mita 3.3 juu. Yaani nafasi ya kujaza imeongezeka karibu mara tano, na sabufa ni ile ile. Chini vigae vinavyong'aa, mbele madirisha makubwa ya vioo, mapazia bado, na makochi mawili yamekaa katikati kama wageni wasiofahamiana.

Kwa nini nalia na sabufa wakati kuna watu hawana paa? Kwa sababu kule Sinza tulikuwa na desturi yetu. Imani akishalala tunazima taa kubwa, tunaweka kitu. Zamu yake, muziki wa dansi wa zamani. Zamu yangu, taarab, na Jumapili kwaya. Tunakaa kwenye kochi moja, na mambo ya siku yanaongelewa pale. Ugomvi wetu mwingi umezikwa kwenye lile kochi. Goba tukawa hatukai tena. Yeye chumbani na vile vya kuchomeka masikioni, mimi jikoni na simu yangu. Miezi minne ikapita hivyo. Tena nikimwita kutoka jikoni haitiki. Nikasema, ala, huyu bwana nyumba imempanda kichwani. Siku moja nikamwambia wazi: "Siku hizi hunisikilizi." Akanijibu kwamba nyumba ni kubwa.

Basi tukakubaliana tununue spika za maana. Tulikuwa na milioni moja na laki nane tuliyoitenga kwa ajili ya geti. Geti lingengoja, mabati yalikuwepo.

Jumamosi saa tatu asubuhi tukashuka kwenye mwendokasi pale Gerezani, tukaingia Kariakoo kwa miguu. Mwenye akili haendi Kariakoo Jumamosi na gari. Jina lenyewe, kama hukuwahi kuambiwa, limetokana na Carrier Corps, wapagazi ambao Waingereza waliwakusanya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mahali hapa palikuwa kambi yao. Wapagazi hawajaondoka mpaka leo. Mmoja alitupita na friji mgongoni, akipiga mluzi tumpishe. Soko kuu lenyewe, lile la mapaa kama miavuli ya zege alilolichora msanifu Beda Amuli na likafunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, lakini hata wakati lile jengo limekaa na masizi yake, biashara ya mitaa iliyolizunguka haikulala.

Ukitafuta vitu vya umeme utaelekezwa Aggrey, Uhuru, Likoma na vichochoro vya katikati. Hujamaliza kuvuka barabara, winga ameshakushika mkono. Winga ni kijana asiye na duka ila ana maneno, anakupeleka kwenye duka la mtu na bei inapanda kidogo ili naye apate chake. Wetu alikuwa na fulana nyekundu na adabu nyingi. "Shikamoo mama. Baba, karibu. Mnataka ya kucheza ndani au ya kutikisa mtaa?" Baba Imani akacheka. Nikajua tumekwisha.

Duka la kwanza lilikuwa na masanduku yamepangwa mpaka darini, yote meusi, yote yana taa za rangi zinazocheza na mdundo. Kwenye boksi moja iliandikwa wati 12,000, na pembeni herufi ndogo PMPO. Mimi nimesoma mambo ya mawasiliano, sikusomea umeme, lakini kusoma maandishi madogo ni kazi yangu ya kila siku. Niligeuza lile sanduku nikaangalia kibandiko cha nyuma, pale panapoandikwa linavuta umeme kiasi gani. Wati 120. Sasa hebu niambie, kitu kinachokula wati 120 ukutani kitakutapikiaje wati 12,000 jioni nzima? Hiyo PMPO ni namba ya matangazo. Namba ya kuulizia ni ile ya RMS, wati ambazo kifaa kinaweza kuzitoa kwa kuendelea. Muuzaji akiwa haijui, kibandiko cha nyuma hakijawahi kufundishwa kudanganya kama boksi.

Nilipomwonyesha Baba Imani, alikuwa hayuko nami. Amesimama mbele ya spika mbili ndefu kumfikia kifuani, kiganja ameweka juu ya mbao, macho amefumba. Winga ameweka wimbo wa mdundo mzito. Duka zima linatetema, na mimi nasikia fillingi za meno yangu.

"Maneno hayasikiki," nikamwambia.

"Nini?"

"Maneno! Mwimbaji anasema nini?"

"Mdundo lakini si unausikia!"

Tulitoka pale mikono mitupu, na tuligombana mbele ya muuza juisi ya miwa, ambaye kwa ustaarabu wake alijifanya anasafisha mashine. Nilimwambia anataka kununua gari la matangazo kuliweka sebuleni. Akaniambia mimi nataka redio ya bibi. Kwenye mwendokasi kila mtu alitazama dirisha lake.

Wiki mbili baadaye tulikuwa na harusi ya binamu yake Zanzibar. Boti ya asubuhi, kama saa mbili majini, na bado hatuongei sana, ila tunapeana maji ya kunywa. Tulifikia kwa shangazi yake Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, kwenye nyumba ambayo ukiingia kutoka juani inabidi usimame kidogo macho yakubali.

Usiku ule, baada ya nikahi na biriani, tulikaa chumba cha juu na shangazi. Kwenye dirisha alikuwa na redio ndogo tu, ya ukubwa wa mkate, ina spika moja. Palikuwa na taarab. Nakwambia, mpenzi msomaji, nilisikia vidole kwenye kanuni. Nilisikia mwimbaji akivuta pumzi. Sauti haikuwa kubwa, tulikuwa tunaongea juu yake bila kupaza, na shangazi anamenya machungwa.

Nikaanza kukitazama chumba. Kirefu, lakini chembamba, hakifiki mita 3.5 kwa upana. Zile nyumba ndivyo zilivyo karibu zote, na sababu yake iko juu ya kichwa chako: dari zilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko haukupi mti mrefu ulionyooka zaidi ya hapo. Mti ndio uliamua watu wakae karibu kiasi gani. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita, hazikunyooka kama za kwetu. Juu boriti zinaivunja sauti isirudi kwa mpigo mmoja. Chini mikeka na busati, kitanda kina chandarua na mashuka, mlangoni pazia zito. Sauti ikitoka inakufikia wewe kwanza, haiendi kugonga kioo na vigae ndipo ije kukuletea maneno yaliyochanganyikana na maneno yaliyotangulia.

Nilimsimulia shangazi masaibu ya Goba. Akaosha mikono, akasema asubuhi twende tukamwone mzee mmoja nyuma ya Darajani, fundi wa vitu hivi tangu ujana wake.

Duka la mzee ni la upana wa milango miwili. Ndani kuna spika za mbao zilizotumika, za Ulaya na Japani, nyingine zimepitia Dubai kabla ya kufika kwake, na harufu ya risasi ya kuchomelea. Tukamwamkia. "Marahaba wanangu, karibuni." Nikamweleza vipimo vya sebule. Akanitazama juu ya miwani.

"Mita tisa kwa sita. Mwanangu, una nyumba au una uwanja?"

Akaanza kutufundisha, na sijawahi kulipia darasa zuri kama lile. Akapiga kofi moja. Kofi likafa palepale. "Mkirudi kwenu pigeni hivi. Likirudi kofi lenu, msinunue kitu. Nunueni zulia." Alisema watu wanakimbilia wati, kumbe ukizidisha wati mara mbili sikio linapata desibeli 3 tu, tofauti ndogo ambayo mwingine haigundui. Ukitaka uone kweli sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi. Cha kutazama ni wepesi wa spika yenyewe, inatoa desibeli ngapi ikipewa wati 1 na ukasimama mita 1. Yenye 90 ukiipa wati 50 itakupa sauti sawa na yenye 84 inayokula wati 200. Namba hii spika za maana huandikwa nyuma au kwenye kitabu chake. Zile za taa za rangi, aghalabu haipo.

Halafu akatuonyesha pete inayozunguka koni ya spika. Pete za sponji, akasema, kwa hewa ya pwani hii miaka kadhaa tu zinaanza kumomonyoka, ukizigusa zinabaki kidoleni kama mabaki ya keki. Za mpira zinadumu. Ukienda kununua spika iliyotumika, ng'oa kitambaa cha mbele, bonyeza pete kwa kidole. Muuzaji akikukataza, mwage.

Akachagua jozi moja ya mbao ya rangi ya kahawia, koni ya inchi 8 chini na twita juu, umri wake umepita wa ndoa yetu. Akatuketisha kwenye benchi, akaweka wimbo. Ikawa kama jana usiku kwa shangazi, lakini pana zaidi, na mtu anaimba katikati ya zile spika mbili, hewani, mahali pasipo na kitu. Nilimgeukia Baba Imani nione uso wake. Alikuwa amekunja paji.

"Huyu anaimbia wapi?" mzee akamuuliza.

"Pale," akasema, akaonyesha spika ya kulia.

Mzee hakusema kitu. Akashika kile kitufe cha kugawa sauti, akakizungusha taratibu. Sauti yote ikahamia kulia. Akakizungusha tena, ikahamia yote kushoto. Mimi nilisikia vizuri kabisa, gitaa, ngoma, mwimbaji. Baba Imani akageuza kichwa. Aligeuza shingo mpaka sikio la kulia likaielekea spika ya kushoto, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa kifuani.

"Mwanangu," mzee akasema polepole, "sikio hilo lina muda gani?"

Ameniruhusu niandike haya, kwa sharti nimtaje kwa jina la Baba Imani tu. Alinieleza jioni ile Forodhani, urojo umepoa mbele yetu. Chuoni alikuwa akipiga muziki kwenye disko kila Ijumaa, miaka mitatu, mgongo umeegemea spika, na hedifoni ameibandika sikio la kushoto. Akitoka usiku sikio linalia mpaka asubuhi, wao wanaona ni ufahari. Kulia kulikoma baadaye. Lakini kwa miaka kama miwili hivi upande ule ulikuwa ukififia, na hakutaka kusema. Kwa nini? "Ungeniona mzee." Ana miaka thelathini na nane. Sinza alikuwa akibahatisha kwa sababu chumba kilikuwa kidogo, kila kitu kiko karibu na uso wangu anauona. Goba, ndani ya ule mwangwi, akawa anasikia kelele bila maneno. Mdundo ndio pekee aliokuwa na uhakika nao, kwa sababu mdundo unausikia kwa kifua.

Nilikasirika, sitakuficha. Miezi minne nimemhesabia kiburi. Halafu nikakumbuka kwamba kwenye lile kochi, miaka yote, mimi hukaa kushoto kwake.

Tuliporudi Dar alikwenda kwa daktari wa masikio, akapimwa. Na wewe kama sikio lako moja linafifia kuliko lenzake, nenda, usitibu kwa mafuta ya moto. Kelele huwa zinaanza kula zile sauti nyembamba za juu, na humo ndimo zinamokaa S, F, T na K. Ndiyo maana mtu anakwambia nakusikia ila sikuelewi. Ukimwongezea besi unazidi kuyafunika maneno. Tulipata pia hesabu ambayo sasa imebandikwa kwenye friji. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila ukipanda desibeli 3, muda unakatika nusu. Ukifika 90, zimebaki kama saa 4 kwa wiki nzima. Zile Ijumaa zake za chuo sikuzihesabu.

Spika za mzee tulizinunua, laki saba na nusu baada ya kumwomba sana, zikaja na boti zimefungwa kwenye magodoro ya kitoto. Lakini hatukuzifungua mara moja. Tulianza na kofi. Sebuleni Goba kofi lilirudi, likarudi tena, Imani akafurahi akapiga mengine ishirini. Basi fedha iliyofuata ikaenda kwenye zulia nene, na mapazia mazito ya urefu wa ukuta, ambayo mama yangu mdogo aliyashona kwa bei ya undugu. Kabati la vitabu tulilitoa chumbani tukaliweka ukuta wa nyuma. Vitabu vya urefu tofauti vinafanya kazi ile ile ya boriti.

Halafu tukafanya jambo ambalo wageni hawalielewi. Tuliacha kuijaza sebule. Tulihamisha makochi kutoka katikati tukayasogeza upande mmoja, tukapata kama chumba ndani ya chumba, mita 3.5 kwa 4, ukubwa wa Sinza. Sehemu iliyobaki ni ya Imani na baiskeli yake. Spika zimeachana mita 2.5, ziko nusu mita kutoka ukutani na mbali na kona, maana kona inavimbisha besi. Twita ziko usawa wa sikio la mtu aliyekaa. Kutoka kwetu hadi kwenye spika hakufiki mita 3, na kwa umbali huo amplifaya ya wati 60 kila upande inatosha na kubaki. Ukikaa mita 6 utaitukana.

Amplifaya na waya tulifuata Kariakoo. Waya, chukua kisu ukwangue ncha: ikiwa nyeupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, rudisha. Tulichukua wa shaba tupu, wa milimita za mraba 2.5, ule ule mafundi wanaoupitisha kwenye soketi. Amplifaya tuliyoichagua ina kitufe cha kuunganisha pande zote mbili ziwe sauti moja, ili chochote kilichorekodiwa kushoto kimfikie na yeye. Mafundi wa muziki watanilaumu, kwamba nimeua nusu ya utamu. Nakubali. Siku akisafiri nakiachia.

Yule winga wa fulana nyekundu alituona tukipita na boksi moja dogo. "Mama, sasa hiyo si itapotelea ndani?" Baba Imani hakumsikia, alikuwa upande wa kushoto.

Geti bado ni mabati. Wiki iliyopita mvua ilinyesha usiku na umeme haukukatika, jambo la kushukuru. Imani amelala. Ilikuwa zamu yake, akaweka dansi, bendi ile anayosema kaka zake walikuwa wakiicheza Jumamosi, na sauti chini kabisa. Katikati ya wimbo nilimwambia kwamba karo ya muhula imepanda. Niliongea kwa sauti ya kawaida, sikugeuza hata kichwa.

"Kiasi gani?" akauliza.

Siku hizi nakaa kulia.